Je, mavazi ya mtaani humuunganisha kweli shabiki na utamaduni wa panki na hip-hop?

Shabiki_wa_Santuri

Salaam kwenu nyote. Nimekuwa msikilizaji wa panki na hip-hop kwa miaka mingi, na bila kupanga nimejikuta nikivaa kama ninavyosikiliza: fulana zenye nembo za bendi, sweta zenye kofia, raba, na makoti ya kijeshi yaliyopauka. Rafiki yangu mmoja ambaye ni mwanamuziki anashikilia kwamba mavazi haya ya mtaani hayamuunganishi mtu na utamaduni wowote, kwamba ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na kwamba anayevaa fulana ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, leo hana tofauti na anayevaa fulana yenye picha ya machweo. Siafikiani naye, kwa sababu nimeshuhudia watu wasiojuana wakianza mazungumzo marefu kuhusu muziki kwa sababu tu ya nembo iliyokuwa kifuani mwa mmoja wao. Hata hivyo, ushuhuda wa aina hiyo hautoshi kumjibu mtu anayejua anachokisema.

Ninachoomba mnisaidie ni hiki. Panki ni gitaa na kelele, hip-hop ni midundo na maneno, na walioanzisha aina hizi mbili za muziki hawakuwa watu wa mazingira mamoja. Kwa nini basi mavazi yao yamekutana ndani ya duka moja, na mara nyingi juu ya mwili mmoja? Na kile kilichomuunganisha shabiki na msanii wakati ule, je, bado kimo ndani ya nguo? Nitashukuru zaidi kwa majibu yenye mifano, kwa kuwa rafiki yangu haridhiki na maelezo ya jumla jumla.

Mshona_Viraka

Nitaanza na panki, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu zaidi, nami nawaachia wengine hip-hop.

Rafiki yako anachukulia kwamba muziki ulikuja kwanza, kisha wafanyabiashara wakaubandika kwenye nguo. Kwa upande wa London mambo yalikwenda kinyume, maana duka lilitangulia bendi. Vivienne Westwood na Malcolm McLaren walikuwa wakiuza nguo katika nambari 430 ya barabara ya King's Road tangu 1971, wakilibadilisha duka hilo jina kila mawazo yao yalipobadilika, na kufikia 1974 likawa linaitwa SEX. Glen Matlock, mpiga besi wa kwanza wa bendi ya panki ya Sex Pistols, alikuwa akifanya kazi dukani humo siku za Jumamosi. Mwaka 1975 watu wa duka hilo walivutiwa na kijana mmoja aitwaye John Lydon, aliyekuwa amevaa fulana ya Pink Floyd na kuandika juu ya jina la bendi hiyo, kwa mkono wake mwenyewe, maneno ya kusema kwamba anaichukia. Majaribio yake ya kuwa mwimbaji wa Sex Pistols yalifanyika mlemle dukani, kando ya mashine ya kuchezea santuri. Kabla hawajaisikia sauti yake, walikuwa wameshaona alichoifanyia fulana.

Naomba tukae kidogo kwenye fulana hiyo, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu. Ilikuwa fulana ya kawaida, iliyouzwa kwa mashabiki wa bendi iliyokuwa miongoni mwa bendi kubwa kabisa duniani, bendi ambayo shabiki wake alikaa mbali na jukwaa akitazama taa na mitambo. Lydon hakuitupa akatafuta nyingine. Alichukua kalamu akaijibu. Kuanzia hapo nguo ya panki ikawa mahali ambapo msikilizaji naye ana neno la kusema, na wala hahitaji kujua kupiga gitaa ili aliseme.

Nguo za Westwood zenyewe zilikuwa ghali, na vijana wengi waliojaa kwenye kumbi hawakuzimudu. Walijitengenezea za kwao. Walichana mashati ya shule na kuyashikiza tena kwa pini za kufungia nepi, wakashona viraka, wakapachika njumu kwenye makoti ya ngozi, wengine wakavaa hata mifuko ya plastiki ya taka. Mwaka 1976 wanabendi wa The Clash, bendi nyingine ya panki ya London, walipanda jukwaani wakiwa na mashati na suruali walizozirushia rangi wenyewe na kuzipiga maneno kwa stensili. Shabiki aliyewaona jioni ile angeweza kufika nyumbani na kufanya vilevile kabla ya kulala, kwa kuwa vifaa vyote vilivyohitajika ni rangi, kipande cha kadibodi na kisu. Huo ndio muungano ninaouzungumzia: bendi ilimwonyesha shabiki njia ya kutengeneza, naye akatengeneza.

Ama kuhusu fulana ya Ramones, ambayo rafiki yako ameilinganisha na picha ya machweo, mwambie aitazame kwa makini. Arturo Vega, msanii aliyekuwa karibu sana na bendi hiyo, aliichora kwa kufuata nembo ya Rais wa Marekani. Tai ni yule yule, lakini mguu ambao katika nembo rasmi hushika mishale umeshika gongo la besiboli, na badala ya tawi la mzeituni kuna tawi la mtufaa, huku majina ya wanabendi yakiuzunguka mchoro mahali palipokuwa na jina la ofisi ya Rais. Vega huyohuyo ndiye aliyekuwa akiziuza fulana hizo kwenye maonyesho ya bendi. Anayeivaa leo bila kujua haya amevaa kitu kizuri tu. Anayejua amevaa dai la vijana wanne wa Queens, New York, kwamba nao ni dola inayojitegemea. Nguo ni moja, ila ujuzi wa mvaaji ndio unaoongeza kitu.

Kapelo_Nyeusi

Nampongeza Mshona_Viraka, na ninapokea zamu ya hip-hop, ingawa nitaanza na jambo ambalo watu wengi hulisahau. Hip-hop haikuanza na mavazi ya mtaani jukwaani. Sherehe ambayo DJ Kool Herc aliipigia muziki tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo nambari 1520 la Sedgwick Avenue, huko Bronx, New York, ilihudhuriwa na vijana waliovaa nguo zao za kawaida. Lakini makundi yalipoanza kurekodi na kusafiri, wasanii walivaa kama wanamuziki wa funki na roki waliowatangulia. Tazama picha za Grandmaster Flash and the Furious Five za mwanzoni mwa miaka ya 1980: utaona ngozi, manyoya, njumu na mikanda mikubwa. Yalikuwa mavazi ya kutazamwa. Hakuna aliyekwenda nayo dukani kununua maziwa.

Aliyeleta mageuzi ni Jason Mizell, maarufu kwa jina la Jam Master Jay, DJ wa kundi la hip-hop la Run-DMC. Yeye alivaa jinsi vijana wa mtaa wa Hollis, Queens, walivyovaa: kofia nyeusi, koti la ngozi, na raba za Adidas aina ya Superstar zisizo na kamba, ulimi wa kiatu ukiwa umesimama wima. Russell Simmons, aliyekuwa akilisimamia kundi hilo, aliwaelekeza wenzake wawili wavae kama yeye. Uamuzi huo unaonekana mdogo, lakini matokeo yake ni kwamba kwa mara ya kwanza kijana aliyesimama ukumbini na rapa aliyesimama jukwaani waliweza kubadilishana nguo bila mtu yeyote kugundua. Hapa ndipo panki na hip-hop zilipokutana, Shabiki_wa_Santuri, hata kabla watu wake hawajakutana: zote mbili zilifuta tofauti ya mavazi kati ya anayeimba na anayesikiliza.

Viatu visivyo na kamba vilikuwa na historia nzito. Magerezani wafungwa hunyang'anywa kamba za viatu, na kwa sababu hiyo wapo wakubwa katika jamii waliowaona vijana wa Queens waliovaa hivyo kuwa wahalifu au waliokaribia kuwa wahalifu. Daktari mmoja wa eneo hilo aliandika hata shairi la kuwakemea. Wimbo wa Run-DMC kuhusu viatu vyao vya Adidas, uliotoka 1986, ulikuwa jibu kwa lawama hizo. Ulivitetea viatu kwa kueleza vilikopita na mema yaliyofanywa na waliovivaa. Kampuni haikuwalipa wauandike. Mwaka huohuo, katika ukumbi wa Madison Square Garden, kundi liliwaomba watazamaji wavue viatu vyao na kuviinua juu, na mwakilishi wa Adidas aliyealikwa akaona ukumbi mzima umejaa viatu vya kampuni yake vikipepea hewani. Mkataba uliofuata, unaoelezwa kuwa wa thamani ya zaidi ya dola milioni 1, ulikuwa wa kwanza wa aina yake kati ya kundi la hip-hop na kampuni ya vifaa vya michezo.

Ninasisitiza mfuatano huo kwa sababu ndio unaomjibu rafiki yako. Mtaa ulivaa kwanza, wasanii wakaupa mtaa sauti, mashabiki wakathibitisha kwa mikono yao, na kampuni ikafika mwisho. Anayesema kwamba mavazi haya ni biashara iliyobandikwa juu ya muziki ameanza kusoma hadithi kutoka ukurasa wa mwisho.

Siwezi kumaliza bila kumtaja Daniel Day, anayejulikana kama Dapper Dan. Duka lake lilikuwa katika Mtaa wa 125, Harlem, New York, kuanzia 1982 hadi 1992, na lilikuwa wazi usiku na mchana. Alijifunza mwenyewe namna ya kuchapa nembo za Gucci, Louis Vuitton na Fendi juu ya ngozi, kisha akazikata na kuzishona kuwa makoti na suti za michezo ambazo kampuni hizo zenyewe hazikuwahi kuzitengeneza. Chukua koti moja tu kati ya yale waliyovaa wanahip-hop Eric B. na Rakim kwenye majalada ya albamu zao: nembo ni kubwa kupita ilivyopata kuonekana kwenye mkoba wowote wa Ulaya, mwili wa koti ni mpana, nao umekatwa kwa kipimo cha mvaaji. Wakati huo nyumba za anasa hazikuwa na habari na mteja wa namna hiyo. Dapper Dan alimpa nembo yao kwa umbo la Harlem, na wafuasi wa muziki waliotazama jalada lile waliona mtu wao akiwa amevaa utajiri bila kuomba ruhusa. Wanasheria wa kampuni hizo ndio waliochangia kulifunga duka lake.

Mpitia_Majalada

Wenzangu wamejibu vizuri, nami nitajikita kwenye sehemu moja ya swali ambayo bado ina nafasi, yaani namna mikondo miwili ilivyoingia kwenye kabati moja. Haikutokea kwa bahati. Kuna watu mahususi waliobeba vitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na safari zao zinaweza kufuatiliwa.

Mwaka 1981 The Clash walipiga mfululizo wa maonyesho katika ukumbi wa Bond's, Times Square, New York, na wakawaalika Grandmaster Flash and the Furious Five wafungue jukwaa. Sehemu ya watazamaji iliwazomea wageni hao na kuwarushia vitu, jambo linalotukumbusha kwamba mapenzi ya bendi hayakuwa mapenzi ya mashabiki wote. Lakini mwaka huohuo bendi hiyo ilimchukua mchoraji wa grafiti wa New York, Futura 2000, naye akawa anachora pazia la nyuma jukwaani wakati bendi ikipiga. Miaka iliyofuata Futura aligeukia fulana na makoti, na akawa mmoja wa watu ambao michoro yao iliipa sura nguo ya mtaani kama tunavyoijua. Hivyo mkono uleule uliochora kwenye mabehewa ya treni ulichora nyuma ya bendi ya panki, kisha ukachora kifuani mwa shabiki.

Mtu wa pili ni Hiroshi Fujiwara, kijana Mjapani aliyekwenda London mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya mapenzi yake kwa Sex Pistols na nguo za Westwood. Alikutana na McLaren, ambaye wakati ule alikuwa ameshavutiwa na hip-hop, na McLaren akamshauri aende New York. Fujiwara alirudi Tokyo na santuri za hip-hop, akawa miongoni mwa ma-DJ wa kwanza kuzipiga huko, na mwaka 1990 akaanzisha chapa yake, Goodenough. Waliomfuata nyuma walikuwa Nigo na Jun Takahashi, ambao mwaka 1993 walifungua duka la Nowhere katika eneo la Harajuku, Tokyo. Nigo aliegemea hip-hop na akazaa chapa ya A Bathing Ape. Takahashi, aliyewahi kuimba katika bendi iliyokuwa ikirudia nyimbo za Sex Pistols, aliegemea panki kupitia chapa yake ya Undercover. Duka moja, pande mbili, na mteja aliyepita mlangoni hakulazimika kuchagua.

Mfano wa tatu nitaupitia haraka kwa sababu unajulikana: Beastie Boys walianza kama bendi ya panki kali kabla ya kuwa marapa, na Rick Rubin, aliyeianzisha Def Jam, lebo ya hip-hop, mwaka 1984 akiwa mwanafunzi, naye alikuwa akipiga gitaa katika bendi ya aina hiyo. Mike D wa Beastie Boys alikuwa miongoni mwa waliohusika na duka la nguo la X-Large, lililofunguliwa Los Angeles mwaka 1991. Kwa watu hawa hakukuwa na mpaka wa kuvuka. Ilikuwa marafiki walewale na nguo zilezile.

Kwa hiyo James Jebbia alipofungua Supreme, duka na chapa ya mavazi ya mtaani, katika barabara ya Lafayette, New York, mwaka 1994, alikuta tayari kuna kijana anayeteleza kwa ubao wa magurudumu mchana na kusikiliza Bad Brains wa panki na Public Enemy wa hip-hop usiku. Chapa hiyo baadaye ilitoa nguo kwa ushirikiano na makundi yote hayo mawili. Nashauri vijana wa sasa watumie nguo hizo kinyumenyume, yaani waone jina wasilolijua kwenye fulana, kisha waende kulisikiliza. Wapo wengi waliowafahamu Bad Brains kwa njia hiyo, na sioni kwa nini mlango huo udharauliwe, maana zamani jalada la santuri lilifanya kazi ileile.

Shabiki_wa_Santuri

Nawashukuru sana, mmenipa zaidi ya nilichotarajia. Nimemsomea rafiki yangu majibu yenu, naye amekubali kwamba mwanzo ulikuwa wa kweli. Amebaki na hoja moja, nayo ni nzito. Mwaka 2020 VF Corporation, kampuni kubwa ya nguo, ilitangaza kuinunua Supreme kwa dola bilioni 2.1, na miaka minne baadaye EssilorLuxottica, kampuni ya miwani, ikaichukua kwa dola bilioni 1.5. Matoleo mapya yananunuliwa na walanguzi wanaoyauza siku hiyohiyo kwa bei maradufu. Anauliza: katika mauzo ya namna hiyo, mwanamuziki yuko wapi?

Mshona_Viraka

Hoja hiyo naikubali kwa sehemu kubwa, na sidhani kama tunapaswa kuipoza. Mwaka 2005 kampuni ya Nike, ikitangaza ziara ya wanamchezo wake wa ubao wa magurudumu, ilitoa bango lililonakili jalada la santuri ya Minor Threat, bendi ya panki ya Washington, karibu kila kitu, pamoja na kijana aliyeinamisha kichwa kwenye ngazi. Tofauti kubwa ilikuwa viatu vya miguuni na jina lililogeuzwa kidogo. Bendi haikuombwa ruhusa. Lebo ya Dischord, iliyotoa santuri hiyo na inayomilikiwa na wanamuziki wenyewe, ilipinga hadharani, na mashabiki wakalalamika kwa wingi hadi kampuni ikaomba radhi na kuyaondoa mabango. Ningependa rafiki yako aone kwamba waliosimama kulitetea jalada lile walikuwa watu wanaolivaa na kulichora kwenye majaketi yao. Kama nguo ingekuwa bidhaa tupu kwao, wasingejali ni nani aliyeinakili.

Ian MacKaye, mwimbaji wa Minor Threat, baadaye alikuwa na bendi ya Fugazi, ambayo iliamua kutouza fulana kabisa. Watu wakachapa fulana zilizoandikwa kwamba hii si fulana ya Fugazi, na zikanunuliwa sana. Kwa maoni yangu, hamu ya mashabiki ya kuvaa kile wanachokipenda ina nguvu kuliko duka lolote, na bendi isipoitimizia hamu hiyo, wao wenyewe huitimiza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka fedha yake imfikie mwanamuziki ni kununua fulana mezani kwenye onyesho, au kwenye tovuti ya bendi au ya lebo yake ndogo, na kama anachotaka ni uhusiano zaidi ya nguo, basi achukue rangi na stensili.

Kapelo_Nyeusi

Kwenye hip-hop swali la mwanamuziki yuko wapi liliulizwa mapema sana, na jibu lilikuwa kumiliki. Chapa ya nguo ya Cross Colours ilianza Los Angeles mwaka 1989, mbunifu Karl Kani akafuata mkondo huohuo, na kundi la hip-hop la Wu-Tang Clan wakaanzisha Wu Wear mwaka 1995. Si chapa zote zilizodumu, na zile zilizokua sana nyingine ziliishia kuuzwa. Dapper Dan naye alirudi: mwaka 2017 Gucci walionyesha koti lililofanana mno na lile alilomshonea mwanariadha Diane Dixon mwaka 1989, kelele zikapigwa kila mahali, na mwaka uliofuata akafungua karakana mpya Harlem kwa ushirikiano na Gucci wenyewe.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa chapa ya nguo ya FUBU. Daymond John aliianzisha mwaka 1992 huko Hollis, mtaa uleule wa Run-DMC, akianza na kofia zilizoshonwa nyumbani, na jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza “For Us, By Us”, yanayomaanisha kwamba ni vitu vyetu vilivyotengenezwa na sisi wenyewe. Rapa LL Cool J, mwana wa Queens na rafiki wa waanzilishi, alialikwa mwaka 1997 kurap katika tangazo la televisheni la kampuni kubwa ya nguo, Gap. Alivaa jinzi zao, lakini kichwani aliweka kofia ya FUBU, na katikati ya mistari yake akayapenyeza maneno yale yanayounda jina la chapa. Tangazo likarekodiwa, likahaririwa na kurushwa hewani, na walioligharamia hawakuwa wameng'amua lolote, wakati kila kijana aliyeijua kofia ile alielewa mara moja ni nani hasa aliyekuwa akitangazwa.